Je, Ni Halali Kuwaacha Wachache Kusudi Wengi Wapate Amani?



Katika ukurasa huu tunataka kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo ambalo limekaa katika mioyo ya watu wengi wa inchi yetu tangu uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Hatuandiki kusudi tumsifu mtu wa siasa, wala hatuandiki kusudi tumtukane. Kanisa lina watoto katika vyama vyote, na siku ya ibada wote wanakaa kwenye benchi moja. Tunaandika kwa sababu swali lenyewe ni la dhamiri, na dhamiri haina kadi ya chama.

Swali ndilo hili: wakati kura zinapokaribiana, je, ni halali kuwaacha watu fulani nje ya hesabu kusudi inchi nzima ipate amani?

1. Mambo yalivyokuwa

Tukumbuke kwanza mambo yenyewe, kwa maana mtu asiyekumbuka vizuri hawezi kupima vizuri. Uchaguzi ule ulipaswa kufanyika mwishoni mwa mwaka 2016. Haukufanyika. Tarehe 31 Desemba 2016 wanasiasa walitia sahihi mapatano mbele ya maaskofu Wakatoliki wa CENCO, wakaahidi kwamba kura itapigwa kabla ya mwisho wa mwaka 2017. Mwaka huo nao ukapita. Ilipofika Desemba 2018 watu walikuwa wamengoja miaka miwili, na wengine walikuwa wamekwisha kufa katika maandamano ya kudai kura.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba Beni na Butembo katika Kivu ya Kaskazini, pamoja na Yumbi katika jimbo la Mai-Ndombe, hazitapiga kura siku moja na inchi. Sababu zilitajwa. Huko Beni na Butembo kulikuwa na ugonjwa wa Ebola na mashambulizi ya watu wenye silaha. Huko Yumbi watu mamia walikuwa wameuawa siku chache tu kabla, kati ya tarehe 16 na 18 Desemba. Waliokuwa wameandikwa katika sehemu hizo, watu zaidi ya milioni 1.2, waliambiwa wangoje mpaka mwezi wa Machi.

Tarehe 10 Januari 2019 CENI ikatangaza matokeo. Félix Tshisekedi alipewa kura 7,051,013, ndiyo asilimia 38.57. Martin Fayulu alipewa kura 6,366,732, ndiyo asilimia 34.83. Emmanuel Ramazani Shadary alipewa asilimia 23.84. Na kwa kuwa tangu mwaka 2011 katiba yetu ilibadilishwa, ikaondoa duru ya pili, aliyetangulia ndiye aliyeshinda, hata kama watu sita kwa kila kumi walichagua mtu mwingine.

Sasa ninyi wenyewe toeni hesabu. Kati ya wa kwanza na wa pili kuna kura 684,281. Na walioambiwa wangoje ni zaidi ya milioni 1.2. Walioachwa nje ni wengi kuliko tofauti iliyoleta ushindi.

Raisi aliapishwa tarehe 24 Januari. Watu wa Beni, Butembo na Yumbi walipiga kura tarehe 31 Machi 2019, wakachagua wabunge. Raisi alikuwa amekwisha kukaa kitini zaidi ya miezi miwili.

2. Maneno ya wale waliosema: heri hivi

Si haki kupima jambo hili bila kusikia vizuri maneno ya upande wa pili. Na maneno hayo yana uzito.

Inchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tangu siku ile mpaka Januari 2019 hatukuwa tumeona hata mara moja raisi mmoja akimkabidhi mwingine inchi kwa amani baada ya uchaguzi. Tuliona mapinduzi, tuliona vita, tuliona mauaji. Mwaka 2006, tulipopiga kura ya kwanza ya vyama vingi baada ya vita, matokeo ya duru ya kwanza yalipotangazwa mwezi wa Agosti, askari wa pande mbili walipigana katikati ya Kinshasa. Mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni na sufuria kichwani hawezi kuchekwa anaposema kwamba anataka kulala tu.

Basi Januari 2019 wengi walisema: heri hivi. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na wachunguzi wapatao 40,000, walisema kwamba matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale waliyoyakusanya. Fayulu akapeleka mashtaka, akaomba kura zihesabiwe upya. Tarehe 17 Januari viongozi wa Afrika waliokusanyika Addis Ababa waliomba matokeo ya mwisho yasimamishwe kwanza, kwa sababu waliyaonea mashaka. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari Mahakama ya Katiba ikakataa mashtaka ya Fayulu na kumthibitisha Tshisekedi. Nyumba nyingi zikafunga madirisha, zikangoja risasi. Vita kubwa iliyoogopwa haikuja. Watu wakashukuru.

Vilevile wako waliosema: tungengojea Beni na Butembo mpaka Machi, nani angetuhakikishia kwamba Machi haitakuwa Desemba nyingine? Watu walioahidiwa kura mwaka 2016 na mwaka 2017 walikuwa na haki ya kuogopa neno «ngojeni».

Tena kuna wale wa hesabu. Wanasema hivi: katika inchi nzima waliopiga kura hawakufika nusu ya walioandikwa. Kama Beni, Butembo na Yumbi wangepiga kwa kadiri hiyo hiyo, kura zao zisingefika 684,281. Basi hakuna kilichopotea. Hesabu hiyo haina kosa. Lakini tuitazame vizuri inafanya nini. Inakisia mahali pa mtu ambaye angeweza kuulizwa. Inasema: sisi tunajua ungefanya nini, kwa hiyo si lazima uje. Mtoto akimwambia baba yake mzee, «Tumegawa shamba bila kukuita, maana tulijua utakubali», mzee ataumia, hata kama kweli angekubali. Uchungu wake hautoki katika shamba. Unatoka katika kutoitwa.

3. Neno la kuhani mkuu

Wasomaji wa Injili ya Yohana watakumbuka sura ya 11. Kuhani mkuu Kayafa aliwashauri wenzake kwamba ni afadhali mmoja apotee kusudi taifa lipone. Mara nyingi tunamsoma Kayafa kama mtu mwovu tu, tunapita. Lakini neno lake si neno la mjinga. Ni neno la mtu mwenye kazi ngumu, anayeogopa damu ya wengi, anayefanya hesabu. Ndiyo maana neno lile linatisha: linaweza kutoka katika kinywa cha mtu yeyote kati yetu siku ambayo hofu imemshika.

Tunaona kosa la hesabu hiyo ni hili: anayeitoa siyo anayeachwa. Ni rahisi kusema «wachache wangoje» ukiwa Kinshasa, au Lubumbashi, au Kisangani, na kadi yako ya uchaguzi iko mfukoni. Wachache hao wana majina, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali kuwa bei ya amani yetu.

4. Njia nyingine ilipita Ghana

Labda mtu atasema kwamba hayo ni maneno ya kanisani, na kwamba katika mambo ya serikali hakuna njia nyingine. Njia nyingine ipo, na ilipita hapa hapa Afrika, katika inchi ya Ghana, miaka kumi kabla ya kura yetu.

Mwaka 2008 Waghana walichagua raisi. Duru ya kwanza, tarehe 7 Desemba, haikumpa mtu nusu ya kura. Tarehe 28 Desemba wawili walirudi mbele ya watu: John Atta Mills wa upinzani, na Nana Akufo-Addo wa chama kilichokuwa kinatawala. Ghana wakati ule ilikuwa na majimbo ya uchaguzi 230. Kura za majimbo 229 zilipohesabiwa, Mills alikuwa mbele kwa kura 23,055 tu, kati ya kura karibu milioni 9. Jimbo moja lilibaki, linaitwa Tain, la mashambani, mbali na mji mkuu Accra. Huko kura haikuweza kupigwa siku ile kwa sababu ya shida ya karatasi za kura. Na Tain walikuwa wameandikwa watu zaidi ya elfu 50.

Mkubwa wa tume ya uchaguzi, Kwadwo Afari-Gyan, alikuwa na kila sababu ya kumaliza. Mji mkuu ulikuwa umechemka, watu walikuwa barabarani, kila upande ulijiita mshindi. Lakini alisema kwamba kura za Tain zinaweza kubadilisha matokeo, kwa hiyo hawezi kumtangaza mtu kabla Tain haijapiga kura. Inchi nzima ikangojea mashamba ya Tain. Kura ikapigwa tarehe 2 Januari 2009. Chama kilichokuwa kinatawala kilisusia kura ile, tena kililalamikia kura za sehemu ya Volta. Waghana si malaika. Tain ikampa Mills kura 19,566 na Akufo-Addo kura 2,035. Tarehe 3 Januari matokeo yote yakatangazwa: Mills 4,521,032, Akufo-Addo 4,480,446. Tofauti ilikuwa kura 40,586, chini ya nusu ya asilimia moja. Akufo-Addo akampongeza mwenzake. Tarehe 7 Januari Raisi John Kufuor akamkabidhi inchi mtu wa upinzani.

Ghana haikuwa na Ebola wakati ule, wala haikuwa na vita ya Beni. Kungoja siku tano si sawasawa na kungoja miezi mitatu. Hilo tunalikubali wazi. Lakini angalieni kanuni aliyoishika mtu yule: ikiwa walioachwa ni wengi kuliko tofauti, kazi haijaisha. Ni kanuni ambayo hata mama anayeuza muhogo sokoni anaielewa. Na matunda yake yalionekana. Aliyeshindwa kwa kura kidogo namna ile alikubali, akarudi kujaribu mwaka 2012, akashindwa tena, akaenda mahakamani, akakubali hukumu, na mwaka 2016 akashinda.

5. Kwa nini anayeshindwa hukubali

Tujiulize jambo hili, maana ndipo mzizi ulipo. Kwa nini mtu aliyekosa kiti kwa kura kidogo akubali kurudi nyumbani?

Mama zetu wanajua jibu, kwa sababu wanacheza likelemba. Watu kumi wanatoa fedha kila mwezi, na mmoja anapokea. Mwezi wa kwanza mmoja anafurahi na tisa wanarudi mikono mitupu. Mbona hawagombani? Kwa sababu daftari liko wazi, kila jina limeandikwa, na kila mtu anajua kwamba zamu itamfikia. Ukificha daftari, likelemba inakufa, hata kama hakuna aliyeiba. Na ukiruka jina moja ukasema «yeye tutamwona baadaye», wote wanaanza kutazama majina yao kwa hofu.

Hivyo pia sadaka yetu kanisani. Inahesabiwa mbele ya watu, kwa mikono ya zaidi ya mmoja, na inaandikwa. Kama kikapu cha benchi za nyuma hakijafika mezani, mhazini hasomi jumla. Hasemi: kikapu cha nyuma ni cha maskini, hakiwezi kubadilisha kitu. Angesema hivyo, wale wa nyuma wangejua mahali pao katika nyumba ya Mungu.

Daftari la mwaka 2018 halikufunguliwa hivyo. CENI haikuchapisha matokeo ya kila biro ya kupigia kura kusudi kila mtu alinganishe na karatasi iliyobandikwa kwake. Hatusemi kwamba tunajua kilichokuwa ndani. Tunasema kwamba daftari lililofungwa linamdhulumu hata mshindi, maana hata kama alishinda kwa haki, hana kitu cha kumwonyesha mwenye mashaka.

6. Walioachwa walifanya nini

Tarehe 30 Desemba 2018, wakati inchi inapiga kura, watu wengi wa Beni walijipanga mistari wenyewe. Hawakuwa na mashine za CENI. Walinawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakaandika kura zao kwenye karatasi, wakazitia katika masanduku. Walijua kwamba kura hizo hazitahesabiwa. Walitaka kuonyesha kwamba waliweza kupiga kura, kwani masoko yao yalikuwa wazi na makanisa yao yalikuwa wazi. Katika uchaguzi wote ule hatuoni jambo lililotufundisha zaidi heshima ya kura kuliko mistari ile ya watu ambao kura yao ilikuwa bure.

Lakini kulikuwa na tunda lingine, chungu. Tarehe 27 Desemba, kesho yake baada ya tangazo, vijana wenye hasira walishambulia kituo cha Ebola huko Beni, na watu waliokuwa wakichunguzwa ndani wakakimbia. Wengi walikuwa wameanza kusema kwamba ugonjwa wenyewe ni mchezo wa siasa. Haukuwa mchezo. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Lakini mtu aliyenyimwa kura kwa jina la ugonjwa anauona ugonjwa kama wakili wa wale waliomnyima. Mganga anapokuja kumwambia «nawa mikono», anamsikia kama mwanasiasa. Hivyo hata katika hesabu ya Kayafa bei haikuandikwa yote. Unapowaacha wachache, huwanyimi karatasi tu. Unavunja imani yao katika kila neno litakalotoka kwako kesho.

Na kitu kinachofanywa mara ya kwanza kwa dharura, mara ya pili kinakuja kama desturi. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura tena. Safari hii tofauti ilikuwa kubwa: Tshisekedi alitangazwa kwa asilimia 73 na zaidi, na wa pili, Moïse Katumbi, alipata asilimia 18. Lakini Masisi na Rutshuru katika Kivu ya Kaskazini, na Kwamouth katika Mai-Ndombe, hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Majimbo ni yale yale mawili. Walioteseka zaidi kwa kukosa serikali ndio waliokosa kuichagua.

7. Basi tunasema nini

Tunajibu swali letu hivi. Kuna siku ambapo haiwezekani kuwafikia wote. Vita ni vita na ugonjwa ni ugonjwa. Siku hiyo si dhambi kusema: ndugu, leo hatukuwafikia. Ubaya unaanza pale tunaposema: kazi imekwisha. Amani inayopatikana kwa kuwaacha watu nje ni deni. Deni linaweza kuwa la lazima, kama mtu anayekopa fedha kumpeleka mtoto hospitali. Lakini anayekopa na kusahau, huyo ameiba.

Kwa hiyo aliyeshinda kwa tofauti ndogo, aanze kazi yake kwa wale ambao hawakuhesabiwa. Afike kwao mapema, na asiwaambie kwamba Mungu ndiye aliyetaka hivyo. Kalenda ya uchaguzi iliandikwa na watu.

Aliyeshindwa, adai daftari lifunguliwe, na adai bila panga wala bunduki. Kudai hesabu si uasi. Lakini asiwatume vijana wafe kwa ajili ya kiti ambacho watoto wake mwenyewe hawataki kufia.

Na sisi waamini? Tusiseme «amani, amani» haraka mno kwa sababu tu risasi hazikulia kwenye avenyu yetu. Kila tunapotangaziwa kwamba inchi imechagua, tuulize kwanza: ni nani hakufikiwa? Tena tukijaliwa kuwa mashahidi kwenye biro ya kura, tusiondoke kabla ya karatasi ya mwisho, hata ikiwa usiku, hata ikiwa anayetupa fedha ya usafiri anatuita kwenye gari. Karatasi ya mwisho ni ya mtu. Huenda ni ya mama aliyetembea kutoka shambani tangu alfajiri, na hana njia nyingine ya kuiambia inchi yake kwamba yuko.

Bwana awalinde ndugu zetu wa Beni, Butembo, Yumbi, Masisi, Rutshuru na Kwamouth. Atupe sisi wengine aibu njema, ile inayomfanya mtu arudi kulipa deni lake.